Sura ya Tano: Nusu Saa ya Kwanza

Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaushwa kabisa na kipindupindu anahitaji lita sita za maji ya Ringer ndani ya saa tatu. Karibu lita mbili kati ya hizo ziingie mshipani katika nusu saa ya kwanza, na nne na ushee zilizobaki zifuate katika saa mbili na nusu. Mishipa yake wakati huo imelala, haionekani wala haishikiki. Shinikizo la damu halipimiki. Ukimshika kifundo cha mkono, mapigo huyasikii. Akicheleweshwa, figo zinafunga kazi na moyo unafuata. Akiwahiwa na mtu anayejua anachofanya, jioni ataketi kitandani akiuliza kama kuna ugali.

Katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira, mashariki ya Kongo, hesabu hiyo ni kazi ya kila siku. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, nyumba zimejipanga kuanzia Kavimvira, jirani na mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu, na kipindupindu kimefanya makazi humo kwa miongo kadhaa. Watafiti waliopitia daftari za kituo cha kutibu kipindupindu cha hospitali hiyo walihesabu wagonjwa 5,745 waliolazwa kati ya mwaka 2009 na 2014. Wagonjwa wa namna hiyo huletwa kwa pikipiki, kwa mkokoteni, au mgongoni mwa kaka. Wanalazwa kwenye vitanda vya turubai vilivyotobolewa katikati, ndoo chini ya tundu, ndoo nyingine kando kwa ajili ya matapishi. Vitanda hivyo vinaweza kumchukiza mgeni, lakini vimebuniwa kwa akili: kinachotoka mwilini kinaangukia mahali pa kupimika, na muuguzi akisoma ndoo anajua ni kiasi gani cha kurudisha.

Nataka kusema jambo ambalo baadhi ya madaktari watalikunjia uso. Kituo kile ni chumba cha wagonjwa mahututi. Hakina mashine ya kupumulia, hakina skrini zinazolialia, hakina mlango wa kioo. Lakini mgonjwa aliye hatarini anaangaliwa kila baada ya dakika chache, alama za hatari zinaandikwa, na tiba inabadilishwa papo hapo kufuatana na kilichoonekana. Hiyo ndiyo maana ya huduma ya wagonjwa mahututi. Vifaa ni nyongeza, tena nyongeza nzuri, ila tumezoea kuvihesabu vyenyewe na kusahau kumhesabu anayevitumia.

Historia iko upande wangu hapa. Chumba cha kwanza cha aina hii duniani kilizaliwa Copenhagen, Denmark, baada ya mlipuko wa polio wa mwaka 1952. Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa wengi mno waliopooza misuli ya kupumulia, ilhali mashine za kuwasaidia zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Mwezi Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, wawekewe mrija, na hewa isukumwe kwa mkono kwa kubinya mfuko wa mpira. Nani wa kubinya, usiku na mchana, kwa majuma? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500, wakapokezana zamu. Vifo vikashuka sana. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo. Ulaya ilianza na mikono ya vijana waliofundishwa jambo moja wakalishika barabara. Mashine zilikuja kuwapumzisha.

Sasa tazama upande wa pili wa jambo hilo, tena karibu na nyumbani. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu kikalipuka, kikafuatiwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Mashirika yalijaa, dawa zilishushwa kwa ndege, mahema ya matibabu yakasimamishwa. Hata hivyo watu waliendelea kufa ndani ya mahema hayohayo, mbele ya waganga, kwa ugonjwa ambao ukitibiwa vizuri hauui hata mtu mmoja kati ya mia.

Timu kutoka kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, Bangladesh, ilifika kusaidia na baadaye ikaandika katika jarida la Lancet, mwaka 1995, kwa nini vituo vile vilishindwa. Maji yalikuwa yanatiririshwa polepole mno. Aina ya maji yaliyotumika mishipani mara nyingi haikufaa. Maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, yale ya ORS, hayakutumiwa vya kutosha. Na wahudumu wengi, waliokuja kwa moyo mwema kutoka nchi zisizo na kipindupindu, hawakuwa wamewahi kumtibu mgonjwa aliyekauka kiasi kile. Wabangladeshi wamewaona maelfu. Mkono wa mtu wa Dhaka ulijua kwamba dripu ile inapaswa kukimbia kama bomba, na kwamba kuogopa kuikimbiza ndiko kunakoua. Nadhani ripoti ile fupi ingepaswa kusomwa kila mwaka na kila anayetumwa mashariki ya Kongo na begi la dawa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: fundisha watu kukimbiza maji, basi. Lakini utafiti mkubwa uliofanywa Afrika Mashariki juu ya watoto mahututi ulionyesha kitu kinachotisha.

Uliitwa FEAST, ukaongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, na ukahusisha hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilisema kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na damu isiyozunguka vizuri aongezewe maji mshipani haraka. Hakuna aliyekuwa amelijaribu hilo sawasawa katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi. Watoto 3,141 waliingizwa katika utafiti, wengi wao wakiwa na malaria. Waliopewa maji mengi ya haraka walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa halali kuendelea. Miaka michache baadaye jaribio lililofanywa Lusaka kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka likatoa jibu la ukoo huohuo: waliotibiwa kwa utaratibu wa kuongezewa maji mengi walikufa asilimia 48.1, wa huduma ya kawaida asilimia 33.

Watoto waliokauka kwa kuhara hawakuingizwa katika FEAST. Wao wanahitaji maji, hakuna ubishi. Basi mweke muuguzi wa Uvira saa mbili usiku, taa ikipepesa, mbele yake watoto wawili wenye mikono baridi. Wa kwanza ameharisha tangu alfajiri, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Huyu akimbiziwe maji. Na kama hajatimiza mwaka, mwendo wenyewe unapungua, mililita 30 kwa kila kilo ziingie kwa saa nzima badala ya nusu saa. Wa pili ana malaria, viganja vimekuwa vyeupe, anapumua kwa shida. Huyu anahitaji damu, na maji ya haraka yanaweza kummaliza. Chupa ni ileile na sindano ni ileile. Kinachowatenganisha ni macho ya muuguzi na kile alichofundishwa kukitafuta.

Wala asitegemee jina la ugonjwa lililoandikwa mlangoni. Tangu mwaka 2016 wagonjwa wanaolazwa katika kituo cha Uvira wamekuwa wakipimwa kwa kipimo cha haraka, na waliothibitika kuwa na kipindupindu ni chini ya nusu. Waliobaki wanaharisha kwa sababu nyingine. Kiasi cha maji kinaamuliwa na ukavu wa mwili wa yule aliyelala pale.

Je, macho hayo yanafundishika? Ndiyo, na ushahidi mzuri ulitoka Muhimbili, Dar es Salaam. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali hiyo, Tim Baker na wenzake wa Kitanzania na Kiswidi waliweka utaratibu ambao mtu wa mbali angeuona kama mzaha. Mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, oksijeni na fahamu vikipimwa, chati inaonyesha wazi ni namba ipi ni ya hatari, na kwa kila hatari kuna hatua ambayo muuguzi anaruhusiwa kuichukua mara moja: kuinua kitanda, kuweka oksijeni, kufungua maji, kumwita daktari. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Hatua za haraka dhidi ya hatari ziliongezeka, na kwa wagonjwa walioingia shinikizo likiwa limeshuka, vifo vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69. Kwa wagonjwa wote wakijumlishwa, vifo havikupungua. Natia mkazo hilo la mwisho kwa sababu wanaokwenda kuomba fedha za miradi huwa wanaliacha.

Kutokana na kazi za namna hiyo likajengwa wazo la huduma ya msingi kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2021 wataalamu 269 kutoka nchi 59 walikubaliana juu ya hatua 40 ambazo kila hospitali duniani inapaswa kuweza kumfanyia mgonjwa aliye hatarini, na mahitaji 67 ya kuziwezesha. Orodha haina mashine ya kupumulia. Ina oksijeni, kumlaza ubavu mgonjwa asiye na fahamu ili asipaliwe, maji, dawa chache, kupima na kuandika, kuita msaada.

Kwamba tuko mbali na orodha hiyo tuliambiwa mwaka 2025. Utafiti mmoja ulipita wodini katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuwapima wagonjwa 19,872. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao, mmoja kati ya watano alikufa ndani ya juma moja. Na karibu saba kati ya kumi walikuwa wamelazwa katika wodi za kawaida, pembeni ya mtu aliyevunjika mguu. Zaidi ya nusu ya mahututi hao hawakuwa wanapata hata ile huduma ya msingi. Anayedhani tatizo letu ni uhaba wa vyumba vya kisasa azitazame namba hizo mara ya pili. Vyumba ni vichache kweli. Uganda yote, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2020, ilikuwa na vitanda 55 vya namna hiyo. Lakini mgonjwa aliyekosa oksijeni wodini alikufa kwa kukosa kitu ambacho mara nyingi kilikuwa katika jengo la pili.

Hapo tunafika kwenye mafunzo, na hapa nina ugomvi wangu na utaratibu uliozoeleka. Kila anayejua Bukavu au Uvira anazijua semina. Siku tatu katika ukumbi wa hoteli, kalamu na daftari lenye nembo, chakula cha mchana, posho, picha ya pamoja, cheti. Anayekwenda mara nyingi ni mkuu wa wodi, ambaye hafanyi zamu ya usiku. Juma linalofuata cheti kimetundikwa ukutani na dripu inatiririka vilevile kama zamani.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, ililipima jambo hili bila aibu. Wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Baada ya mafunzo, kwa mwanasesere, walifanya vizuri sana. Watafiti wakaenda chumba cha kujifungulia kuangalia watoto wa kweli. Hakuna kilichobadilika. Wengine wangeificha taarifa hiyo. Haydom waliichapisha mwaka 2013, kisha wakabadilisha mbinu. Mwanasesere akahamishiwa hukohuko leba, na kila mkunga akawa anafanya zoezi la dakika chache, kila juma, akiwa kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tofauti ilitoka kwenye marudio. Ni watu walewale na somo lilelile.

Kwa Uvira hilo ni jambo la kutekelezeka. Mkono wa mwanasesere wa kutafutia mshipa, chupa tupu ya Ringer, saa ya ukutani: zoezi la kuandaa lita mbili za nusu saa ya kwanza linaisha kabla ya chai ya saa nne. Lifanywe na zamu nzima, mfagiaji pia, kwa kuwa ndiye anayemwaga ndoo na anaweza kuwa wa kwanza kuona kwamba imejaa upesi kuliko kawaida. Na mlinzi wa mgonjwa asiachwe nje. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayelala chini ya kitanda, anayeosha, anayenywesha ORS kwa kijiko. Muuguzi mmoja mwenye vitanda kumi na vitano hawezi kuona chupa zote. Akimwambia bibi aliyekaa pale, "Mama, maji haya yakifika kwenye alama hii uniite, usingoje yaishe, na ukiona amekojoa, uniambie saa ngapi," ameongeza jozi ya macho kwa gharama ya sentensi moja. Mama yule atajibu, "Ndiyo, daktari," maana kila mwenye koti jeupe ni daktari, naye atakesha.

Hata hivyo nisije nikawatwisha wauguzi mzigo usio wao. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron na wenzake, wa chuo cha tiba ya magonjwa ya tropiki cha London, walilinganisha daftari za kituo cha Uvira na kiasi cha maji ya bomba yaliyotoka kila siku katika mtambo pekee wa kusafisha maji wa mji. Siku bomba likikauka kabisa, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155 kulinganisha na siku ya maji ya kutosha. Kwa ujumla, karibu robo ya waliolazwa, asilimia 23.2, walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Na bomba linakauka kwa nini? Mara nyingi kwa sababu umeme umekatika na pampu zimesimama. Watu wanashuka ziwani na madumu yao.

Umeme huohuo ndio unaoendesha mashine ya kutengeneza oksijeni. Kwa hiyo kukatika kwake kunaipiga hospitali mara mbili: leo kunamnyima pumzi mgonjwa aliyelala ndani, na kabla ya majuma mawili kunaleta wengine mlangoni. Aprili 2020 mito ilifurika, mto Mulongwe ukabomoa mitaa, watu kadhaa wakafa, na mtambo wa maji ukaharibika. Mwaka huohuo chanjo ya kunywa ilitolewa mjini, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba dozi moja ilikinga kwa karibu asilimia 53 baada ya mwaka mmoja hivi na karibu 45 katika mwaka wa tatu. Ni msaada wa kweli, wa nusu ya njia. Kisha kuna vita: Februari 2025 Bukavu ilipotekwa, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi. Wauguzi nao wana watoto wa kuwakimbiza, na muuguzi aliyezoezwa akivuka mto, mafunzo yanavuka naye.

Tena wapo wanaobaki bila mshahara. Katika Kongo wahudumu wengi wa afya hawamo katika orodha ya malipo ya serikali, au wamo na wanachopata ni posho ya hatari isiyotabirika, na wanaishi kwa ada za wagonjwa. Mgonjwa wa kipindupindu hutibiwa bure pale mfadhili anapokuwapo. Maana yake ni kwamba mhudumu anayeokoa maisha mengi kuliko wote kwa saa moja ndiye ambaye wodi yake haiingizi hata faranga. Ukitaka kujua kwa nini wenye uzoefu wanahamia mashirika au miji mingine, anzia hapo.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa msomaji mwenye kauli, awe katika wizara Kinshasa, katika idara ya afya ya Kivu Kusini, katika shirika au katika chama cha wanaUvira walio ughaibuni wanaochanga fedha za hospitali. Kabla ya kuagiza mashine ya kupumulia, uliza maswali manne: usiku wa leo kuna wauguzi wangapi kwa vitanda vingapi, nani anawalipa, mara ya mwisho walifanya zoezi pamoja lini, na umeme ukikatika oksijeni inatoka wapi. Majibu yakiwa mabaya, fedha ziende huko kwanza.